Kisiwa Hakina Maji, Lakini Kina Ploti



Vijana wenzangu wa Kwa Vonza, Kitui mjini, Wote, na nyinyi wengine wote mnaosoma hapa, leo nataka tugombane kidogo. Tutagombana kwa adabu, lakini tutagombana. Kuna matangazo yanazunguka kwenye simu zetu: picha ya bahari ya buluu, mnazi umeinama, na maandishi makubwa kwamba ploti zinauzwa visiwani Lamu, Manda hasa, karibu na uwanja wa ndege, karibu na bandari mpya, lipa mdogo mdogo. Tena yanaletwa na watu wetu. Mtu anaswali Ijumaa, akitoka anakufowadia ploti.

Na kuna maneno matamu yanayoandamana nayo. Ati sisi Waislamu tumelala, visiwa vya mababu zetu vinanunuliwa na wageni, basi vijana tuchange tununue kabla havijaisha. Ukisikia hivyo damu inachemka, unatoa akiba ya miaka mitatu. Nasema wazi: mpango huu ni mbaya kwa mfukoni mwako, na ni mbaya zaidi kwa ndugu zako wa Lamu ambao unadhani unawaokoa.

Tuanze na maji, kwa sababu sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa maana ya ukosefu wa maji. Ukisimama barabarani Kwa Vonza wakati wa kiangazi unaona punda na mitungi, unaona watu wamefukua mchanga wa mto uliokauka wakitafuta maji chini yake. Tunajua bei ya mtungi ikipanda nyumba nzima inabadilika: nani anaoga, nani anafua, mtoto gani haendi shule. Sasa wewe uliyekulia hapa, unatoka kwenye shida ya maji unaenda kununua shida ya maji nyingine, tena imezungukwa na bahari!

Kisiwa cha mawe ya matumbawe na mchanga hakina mto. Maji matamu yaliyopo ni ya mvua iliyozama ardhini, na yanakaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi. Hebu ielewe hii vizuri, maana hakuna dalali atakayekueleza. Hayo maji matamu ni kama utando unaoelea. Wataalamu wa maji wana hesabu yao ya kukadiria: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini yake. Inaonekana ni habari njema. Igeuze sasa. Ukivuta kwa pampu mpaka usawa wa maji ushuke mita moja, chumvi iliyo chini inaweza kupanda mita 40. Kwa hivyo ukimwita mtu wa kuchimba kisima na kumwambia ashuke zaidi, kama tunavyofanya Ukambani, anashuka kuifuata chumvi. Na jirani yako akichimba naye, na hoteli ikachimba, nyote mnanyonya kikombe kimoja.

Mji wa Lamu wenyewe unaishi kwa maji ya visima vilivyo kwenye matuta ya mchanga ya Shela. Yale matuta ndiyo tangi la mji: mvua inaingia mchangani, inahifadhiwa chini. Ndiyo maana wenyeji wamepiga kelele miaka na miaka matuta yale yasigawanywe ploti. Mtu akijenga pale, akachimba choo cha shimo, uchafu unapita kwenye mchanga moja kwa moja mpaka kwenye kinywaji cha mji mzima. Na hapo tunazungumza juu ya kisiwa cha Lamu, chenye mji wa miaka mamia ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Manda, ng'ambo ya mkondo, haina hata hilo tangi.

Utaambiwa, "Tutavuna maji ya mvua." Sawa, tupige hesabu. Mvua ya Lamu ni kama milimita 900 kwa mwaka. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Nyumba ndogo yenye paa la mita 50 za mraba inapata lita 45,000, toa zinazopotea na kumwagika, tuseme zinabaki 36,000. Familia ya watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, ambayo ni kidogo sana, wanahitaji karibu lita 44,000 kwa mwaka. Umeshapungukiwa kabla hujafua shuka. Na mvua haiji kwa awamu sawa, nyingi inaanguka masika. Kwa miezi minne tu ya ukavu unahitaji zaidi ya lita 14,000 ziwe zimekaa ndani ya tangi siku ya kwanza. Bei ya tangi hizo iko kwenye tangazo? Wazee wa visiwa vile walilijua hili, ndiyo sababu huko Ndau na Kiwayu utakuta majabia, sakafu kubwa za kukinga mvua zinazomimina kwenye birika. Jabia ni kazi ya kijiji kizima, watu wanalijenga, wanalisafisha, wanagawana kwa utaratibu. Ploti ya futi 50 kwa 100 haina nafasi ya jabia. Haina kijiji pia.

Nenda Takwa uone. Takwa ni mji wa kale ulio Manda hiyo hiyo, magofu yake yanatunzwa na Makavazi ya Kitaifa. Watu waliishi pale, wakajenga msikiti mkubwa wa mawe, ukuta, nyumba nyingi. Katika karne ya 17 wakahama, na mapokeo yanasema walivuka wakaenda Shela. Sababu moja inayotajwa siku zote ni maji: visima viligeuka chumvi. Hadi leo kuna watu wa Shela wanaovuka kwenda kuomba dua ya mvua pale penye kaburi la mnara. (Najua kuna ndugu tayari anataka kufungua mjadala wa makaburi. Tafadhali, siku nyingine.) Ninachosema ni kwamba watu waliojua bahari, waliojua kuchoma chokaa na kujenga kwa boriti na mawe, walishindwa na maji wakahama. Wewe una laki mbili na mkopo wa simu.

Kujenga nako. Kila mfuko wa saruji unafika Mokowe kwa lori, unapakiwa kwenye mashua au jahazi, unashushwa, unabebwa na punda au kichwani mpaka kwenye ploti ambayo hata njia haijapasuliwa. Kila mikono iliyougusa inalipwa. Halafu fundi anayetaka kukuokolea pesa anachota mchanga wa ufukweni na kuchanganya na maji ya kisima cha chumvi. Nyumba inasimama vizuri mwaka wa kwanza. Chumvi iko ndani ya zege inakula nondo polepole, zege inapasuka, inamwagika vipande. Wenye majumba ya fahari pale Ras Kitau, yanayotazama Shela, wameweza kwa sababu wana boti zao, umeme wao, na uwezo wa kutengeneza au kuleta maji yao. Wao walinunua mandhari. Kijana wa Kwa Vonza anayeuziwa picha ya jumba lile anauziwa kitu ambacho hakimo kwenye ploti yake.

Haya, weka maji pembeni. Tuje kwenye karatasi.

Mwaka 2012, tarehe 2 Machi, Rais Kibaki alizindua mradi wa LAPSSET kule Lamu akiwa na viongozi wa Sudan Kusini na Ethiopia. Bandari, reli, bomba la mafuta. Mwaka huo huo na ule uliotangulia, ardhi ya Lamu ilikuwa inagawiwa kimya kimya. Tulijua ukubwa wake tarehe 31 Julai 2014, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kufutwa kwa hati za ekari 500,000 zilizokuwa zimepewa kampuni 22 kati ya 2011 na 2012. Rudia hizo namba polepole. Kampuni 22, nusu milioni ya ekari, katika kaunti ambayo Mbajuni wa kawaida na Mboni wa msituni hawana hati hata ya mahali walipozikwa babu zao.

Hawana kwa nini? Si uvivu. Mwaka 1908 wakoloni walileta sheria ya hati za ardhi kwa pwani: mwenye ardhi ajitokeze adai, asiyedai, ardhi yake inahesabiwa ya Mfalme wa Uingereza. Wengi hawakufikiwa, hawakuelewa, au waliishi kwa utaratibu wa ukoo na kijiji ambao haukuingia kwenye fomu. Uhuru ulipokuja, ardhi ya Mfalme ikawa ya Serikali. Halafu vita vya shifta vya miaka ya 1960 vikawafukuza Wabajuni wengi kutoka vijiji vyao vya bara, wakakimbilia visiwani na miji mingine. Shamba liliota msitu. Miaka hamsini baadaye mtu anakuja na ramani anasema hapa hapana mtu.

Sasa wewe unapouziwa "ardhi tupu" kisiwani, uliza ilitupuka vipi.

Wengi wenu mtasema, "Lakini kuna hati miliki, tumeiona." Sikilizeni kesi moja. Kule Nyali, Mombasa, kampuni iitwayo Dina Management ilikuwa na ploti ya ufukweni, hati safi, imenunua kutoka kwa aliyenunua. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikabomoa ukuta wake ikisema pale ni njia ya umma ya kwenda baharini. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 21 Aprili 2023 majaji wakaamua: kama ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, hati iliyozaliwa hapo haisimami yenyewe, na mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya neno "sikujua". Katiba yenyewe, kifungu cha 40(6), inasema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Kampuni yenye mawakili iliipoteza. Wewe una risiti ya M-Pesa na nakala ya "cheti cha ploti" kilichochapishwa saibakafe.

Ukifanya sachi kwenye ofisi ya ardhi utaonyeshwa jina lililo kwenye rejista leo. Ni lazima uifanye, usiiache. Ila baada ya uamuzi ule haitoshi. Unatakiwa ujue ardhi ilitoka mkononi mwa nani mara ya kwanza, kwa utaratibu gani, na kama ilikuwa ya jamii. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema serikali ya kaunti inaishika kwa amana tu, haina ruhusa ya kuiuza. Ikiwa kaunti haiwezi, dalali wa kwenye simu ameweza vipi?

Hapa ndipo ninaporudi kwa wale wa "Waislamu tununue kabla hawajanunua". Ndugu yangu, fikiria mnyororo. Mtu mwenye jina kubwa amepata ardhi ya watu kwa njia ya giza. Anajua haitakaa salama mkononi mwake, maana hati inaweza kufutwa. Anaikata vipande mia, anampa dalali, dalali anatafuta wanunuzi mia wadogo. Kwa nini? Kwa sababu ni rahisi Serikali kumnyang'anya mkubwa mmoja, ni vigumu kuwavunjia nyumba maskini mia. Wewe ndiye ngao. Na siku mzee wa Kibajuni akienda kudai, hatakutana na yule mkubwa. Atakutana na wewe, kofia kichwani, unamwambia, "Mzee, mimi nina karatasi." Dhulma itakuwa imekamilishwa na mkono wa Muislamu, kwa jina la kuokoa ardhi ya Waislamu. Huko ni kumsaidia nani?

Na msiniambie habari ya biashara halali bila kuangalia sharti zake. Kila aliyepita madrasa amesikia neno gharar. Unauziwa kitu ambacho mpaka wake haujulikani, muuzaji hajulikani kama anakimiliki, na wala hujakikanyaga. Waulizeni masheikh wenu wauzaji hawa wako wapi kwenye kitabu cha bei. Nataka pia maimamu wetu wayakatae matangazo haya msikitini kwa sauti ile ile wanayokatazia mambo mengine.

Jibu la mwisho la dalali huwa ni bandari. "Bei itapanda, gati ziko tayari." Ndiyo, gati ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, miaka tisa baada ya uzinduzi, na iko bara, ng'ambo. Meli kutia nanga hakuleti bomba la maji kwenye ploti yako ya Manda. Hata wavuvi waliokuwepo kabla ya bandari ilibidi waende Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2018 iliamua walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu mradi ulifanywa bila kuwashirikisha ipasavyo na kuharibu uvuvi wao. Kama mwenye bahari yake alipigania haki hivyo, mwenye ploti ya kukopa atahudumiwa lini?

Sisi wa huku tunao mfano wetu, hatuhitaji kwenda mbali. Konza. Januari 2013 jiwe la msingi likawekwa, ekari 5,000 za Malili, jiji la teknolojia. Kila aliyekuwa na shilingi akatafuta ploti kando yake. Wengi hawakuelezwa kwamba Serikali ilikuwa imeweka ukanda wa kilomita 10 kuzunguka jiji ambapo ujenzi holela ulizuiwa. Watu walilipia, wakaweka vigingi, wakabaki kuangalia nyasi. Na Konza kuna barabara kuu na reli! Hapa Kwa Vonza pia, tangu chuo kikuu kije, kila kichaka kinaitwa "prime". Unajua mwenyewe ploti ngapi unapita kila siku zina vigingi tu na mbuzi wa jirani.

Wale wanaosema basi tuhamie Zanzibar au Pemba, kifupi tu: huko ardhi yote ni ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na Mkenya hawezi kununua akamiliki, atapata ukodishaji kwa masharti. Anayekuuzia shamba Pemba kwa hati ya Kenya anakutania.

Sisemi kijana wa Kitui asiwahi kuishi Lamu. Ukioa Pate, ukapata kazi Mokowe, ukakaa na watu, wakakupa mahali na wazee wakashuhudia, karibu. Ninachopinga ni kununua kisiwa kwa picha. Kama kweli uchungu wa ardhi ya Lamu umetushika, kuna kazi: kuishinikiza Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Wizara ipime na kusajili kwanza ardhi ya vijiji vilivyopo, kijiji kwa kijiji, kabla ya ploti hata moja kuuzwa kwa mtu wa nje, mimi na wewe tukiwemo. Majabia na birika zilizopasuka zikarabatiwe kwa bajeti ya kaunti. Matuta ya Shela yasiguswe. Pesa ile ile mnayotaka kuchanga kwa ploti ingetoa nauli ya wazee kwenda kutoa ushahidi mahakamani, na bado ikabaki.

Kwa wale ambao tayari wamelipa, msikae kimya kwa aibu. Acheni awamu inayofuata leo. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe kwenye maandishi, umetiwa saini na kushuhudiwa. Ukiambiwa "tuliongea kwenye simu" hakuna mkataba hapo. Kama ni ardhi ya kilimo nje ya mji, mauzo yanahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lake hupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Bila kibali mauzo ni batili na pesa uliyolipa unaweza kuidai kama deni. Wenye mkataba wa kweli juu ya ploti iliyosajiliwa wanaweza kuweka zuio kwenye rejista ili isiuzwe tena kwa mwingine. Kusanyeni risiti, ujumbe wa simu, majina na namba za waliopokea. Msimfuate dalali mmoja mmoja, atawamaliza kwa ahadi. Mliolipa Kwa Vonza na Kitui, tukutane Jumamosi hii baada ya Asr nje ya msikiti, kila mtu na karatasi zake, tuzipange kwa tarehe kabla ya kumwona wakili.